Pua Tatu na Meli ya Jumamosi

Jumatatu, 6 Desemba 2021

Meli! Mama atapanda meli tena!

Aaliya, dada yangu mdogo aliyeolewa Mombasa, ametukatia tiketi sote: mama, mke wangu Zeina, mimi, yeye mwenyewe na mumewe Swafwan. Tunapanda Jumamosi saa nane mchana, Mombasa mpaka Unguja na kurudi. Mama alipoambiwa aliuliza kama meli hiyo inapiga honi. Mara ya mwisho kupanda meli alikuwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, akitoka kwao Unguja kuja kwa baba. Sasa ana themanini na moja. Tangu siku ile hajaiona Unguja kutoka baharini, na anasema ndivyo inavyopaswa kuonwa.

Kuna sharti. Kila abiria awe na cheti cha kipimo cha korona, na kipimo kisizidi saa sabini na mbili kabla ya kupanda. Swafwan ameshaandika kwenye kundi la familia: twende sote Mombasa, tupimwe pamoja Alhamisi, yeye atatupeleka. Atatupeleka! Mtu anayeuza viyoyozi! Mtoto wa kwanza wa nyumba hii ni mimi, Huzaifa. Nimemjibu kwamba vipimo vya upande wetu wa Malindi viko mikononi mwangu.

Zeina alisoma jibu langu, akashusha pumzi ndefu, akaenda kukuna nazi.

Jumanne, 7 Desemba

Mpango ulikuwa safi kabisa. Wasafiri wengine watajazana Jumatano na Alhamisi. Basi sisi leo! Nilikuwa na yakini kwamba saa huanza kuhesabiwa cheti kinapochapishwa. Tupimwe leo, cheti kitoke kesho, saa zetu zote ziko mkononi, na foleni hatukuiona.

Niliwaacha mama na Zeina nyumbani, nikatangulia kuchunguza. Zahanati ya kwanza imejaa. Nikakaa hata hivyo, nipime kasi ya foleni. Ya pili imejaa zaidi. Nikakaa. Ya tatu nilibanwa kwenye benchi na bwana mmoja mkulima wa Sabaki, mkarimu sana, anakohoa kama pampu. Alinisimulia jinsi mto ulivyomchukulia migomba. Sikuwa namsikia vizuri. Nikashusha barakoa yangu, naye akashusha yake, mazungumzo yakanoga.

Halafu muuguzi, Gladys, akaniharibia siku. Saa huhesabiwa tangu kijiti kinapoingia puani, si tangu karatasi inapotoka. Nikamwomba kwa upole atupime leo aandike tarehe ya kesho.

“Mzee wangu,” akasema, “mimi nina watoto wanasoma.”

Sikuelewa watoto wanahusika vipi.

Nikarudi kwa miguu, nikapita lilipokuwa duka la baba. Siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Zamani mlangoni pale palikuwa na majora ya vitambaa mpaka barazani, na harufu ya nguo mpya ikichanganyika na ubani. Mwaka baba alipokwenda Hija ilibidi achanjwe kwanza. Nilifuatana naye. Alinishika mkono akaubana sana, akamwambia daktari kwamba anaubana kwa sababu mtoto anaogopa sindano. Sindano ilikuwa yake. Nilikubali kuwa mimi ndiye ninayeogopa. Nilimpenda sana siku hiyo.

Jumatano, 8 Desemba

Kilifi! Nimeambiwa kuna maabara huko yenye kasi. Swafwan anapimwa kesho, kwa hiyo sisi leo.

Charo, dereva wa gari tulilokodi, alitufikisha asubuhi mapema. Saa nne tukaitwa. Nikakataa. Kupanda ni saa nane Jumamosi. Tukiguswa pua kabla ya saa nane leo, vyeti vinatufia ngazini. Nikaanza kuwapisha watu nyuma yetu. Kila niliyempisha alinishukuru. Zeina peke yake hakunishukuru.

Mama yeye hakuwa na haraka. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, akasimulia. Mwaka ule wa harusi, gatini Unguja, daktari wa bandari alikuwa na miwani ya duara. Abiria hakupimwa chochote: ulitoa ulimi, ukafunuliwa kope, basi, wewe mzima, panda. Mama akatoa ulimi. Baba alikuwa nyuma yake, akichungulia. Bwana harusi wa juzi tu, hajapata hata kuuona uso wa mkewe vizuri mchana, na leo anaonyeshwa ulimi! Akaangua kicheko. Daktari akamrudisha mwisho wa foleni kwa utovu wa adabu, na mama akangoja peke yake juu ya meli, hajui kama mume atakuja ama ndiyo basi.

“Nikasema moyoni, nimeolewa kwa siku nne,” akasema mama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Benchi zima lilikuwa linamsikiliza. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Saa nane ikafika. Pamela, mpimaji, alikuwa amekwenda kula! Akarudi saa tisa. Nilinuna, kisha nikang'amua: saa moja ya ziada! Hata bahati yangu mbaya ina akili.

Zeina alipimwa bila neno. Mimi nilipiga kelele kidogo. Mama alipotiwa kijiti puani alimwambia Pamela, “Mwanangu, umefika mbali. Ukilikuta huko jina la mwalimu wangu wa Kurani chuoni, niletee. Nimelisahau.”

Ijumaa, 10 Desemba

Hatuna korona! Majibu yalitoka jana, pua zote tatu ni safi. Niliviweka vyeti kundini Swafwan akiwa bado yuko foleni. Akajibu kwa kidole gumba kimoja. Wivu.

Leo tumefika kwake Mombasa. Ndani baridi kama bucha. Mama amejifunika leso mbili, na Swafwan akaenda kukizima kiyoyozi bila kuambiwa. Anajipendekeza.

Tulikuwa tunakula, wali wa nazi na samaki wa kupaka, simu ya Aaliya ikalia. Meli imechelewa njiani. Hakuna kupanda saa nane. Tutapanda saa moja jioni.

Vyeti vyetu vinakufa saa tisa.

Vya Swafwan na Aaliya vina uhai mpaka Jumapili. Nilimtazama Swafwan, nikangoja acheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, taratibu, kwamba langoni bandarini kuna kipimo cha haraka, tuwahi mapema.

Mimi nikapendekeza tukapande saa nane vilevile, kama tulivyopanga.

“Tupande nini, kaka,” akauliza Aaliya, “maji?”

Mama alikuwa ameacha kula. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama bado anakwenda. Nikamwambia anakwenda. Nilisema kwa nguvu sana, mpaka Zeina akanigeukia.

Jumamosi, 11 Desemba

Kipimo cha haraka. Mama, mstari mmoja. Zeina, mstari mmoja. Mimi, mistari miwili! Nikamwonyesha daktari kwa fahari: nimefaulu mara mbili. Daktari akasogeza kiti chake nyuma.

Ninayo. Lahaula! Bwana wa Sabaki na migomba yake.

Wengine wote wakapimwa upya, tena na tena. Wazima. Wakaambiwa wavae barakoa, wapimwe kila asubuhi, wakae mbali na abiria wengine. Nilisimama nyuma ya kamba nikihesabu nilivyokaa karibu na mama ndani ya gari, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote.

Mama akasema haendi. Akakaa kitako juu ya sanduku lake. Nikamwambia nitawafuata kesho kwa ndege. Uongo mtupu, na alijua. Akanitazama muda mrefu juu ya barakoa.

“Ukinidanganya,” akasema, “unapepesa jicho kama baba yako.” Akanyanyuka.

Nilimwita Swafwan. Nikamwambia kutoka mbali, “Shemeji, goti lake la kushoto halimtii. Mshike pale ngazini.”

“Ni mama yangu pia, kaka Huzaifa,” akasema. Akamshika.

Nilikuwa na miaka minane baba aliponileta bandari hii hii kumuaga ami yangu. Alinibeba mabegani, nikapunga mkono mpaka ukafa ganzi, na watu wote walionekana wadogo chini yangu. Leo nilisimama chini kabisa, nyuma ya makontena. Mama alipanda hatua moja moja. Juu akageuka, akavua mtandio wake wa juu, akaupunga. Sijui kama aliniona. Nilipunga mikono yote miwili.

Na meli ikapiga honi. Kubwa! Nimelia kidogo. Homa.

Jumanne, 14 Desemba

Nimefungiwa chumba cha juu kwa Swafwan. Kahonzi, mpishi wake, ananiachia uji mlangoni, anagonga, anakimbia. Kikohozi kidogo. Kiyoyozi kinafanya kazi vizuri mno, na siwezi kumwambia mtu.

Mama amepiga simu. Mzima, wote wazima. Alhamdulillahi.

Anasema ameiona Unguja alfajiri, kutoka majini. Imekuwa ndogo. Nyumba ya kwao hakuitambua, lakini alitambua mwanga ulivyokaa juu ya mapaa. Swafwan alimletea kiti, akakaa naye kimya mpaka jua likapanda. Nilimuuliza kama ana huzuni. Akasema hapana, alikuwa anamngoja baba atoke mwisho wa foleni, ndiyo maana alikawia pale.

Halafu akasema mwalimu wake wa chuoni aliitwa Maalim Mbaraka. Jina limemrudia lenyewe.

Nikamwambia samahani, mama. Akaniuliza samahani ya nini. Ningekuwepo, akasema, ningemhamisha kiti mara kumi nikimtafutia pahali pazuri zaidi. Tukacheka wote wawili. Nikakohoa. Akaniamuru ninywe tangawizi.

Jumatano, 22 Desemba

Nimerudi Malindi, mzima kabisa. Kipimo cha jana: mstari mmoja!

Mama naye yuko kwake, amekuwa mweusi kwa jua, anamsimulia kila anayeingia kwamba kwenye meli kuna ngazi zinazopanda zenyewe. Imekuwa Swafwan, Swafwan, kila sentensi. Nimekubali, ni mtu mwema. Nimempelekea hata halua. Ugomvi wangu na yeye umekwisha.

Ila jana Aaliya alisema mwakani, mwezi wa nane, wanataka kumpeleka mama Maskati, na Swafwan amejitolea kusimamia vipimo.

Nimetafakari tangu alfajiri. Hatari yote ya safari iko wapi? Iko katika kupimwa siku usiyojua kama u mzima. Na mimi leo najua. Pua yangu hivi sasa ni safi, imethibitishwa. Kwa nini usafi huu upotee bure?

Nimempigia simu bwana wa maabara moja hapa mjini. Nimemwuliza, kwa adabu zote, kama kijiti cha pamba kikichovywa puani leo kinaweza kuwekwa kwenye friji mpaka mwezi wa nane.

Simu ikakatika. Mtandao wa Malindi siku hizi!

Nakwenda mwenyewe. Zeina amejifungia jikoni, lakini pua moja inatosha kuanzia.