Moyo Wangu Juu ya Dungu

Jumatatu, 4 Mei 1903
Shule nimemaliza. Mama amenipandisha dunguni, jukwaa la miti shambani kando ya mto, kuamia ndege wasile mpunga. Desturi: aliye dunguni humwamkia apitaye mtoni. Alipita Komora, yule kijana mvuvi, na mtumbwi wake. Nikasimama. Moyo ukapiga kama kinu cha watwangaji wawili, sauti ikakauka. Nikampungia kombeo. Binamu yangu Tuneya, kwenye dungu la pili, akamwuliza kama wasichana wazuri hawapewi samaki siku hizi. Akarushiwa kambare. Mimi sikurushiwa kitu.

Tuneya anasema Komora anahamia Kipini, huko pwani, Jumamosi. Nataka tu kumwambia asinisahau. Hata hujambo sijaweza.

Jumanne, 5 Mei
Nimekwenda kwa bibi wa dawa wa misheni kuuliza mbona moyo hunienda mbio. Akanishika kifundo cha mkono, akaeleza: ukisimama, damu hushuka miguuni, msukumo wake mishipani hupungua, na moyo huamrishwa kwenda mbio. Ukilala, damu hurudi, msukumo huongezeka, moyo huambiwa upunguze kazi. Nikauliza kama kulala ni dawa ya kuona haya. Akasema hakusema hivyo. Lakini hakukataa.

Nitamngoja Komora nimelala.

Jumatano, 6 Mei
Nimelala chali dunguni tangu asubuhi. Moyo umetulia kama mbuzi aliyeshiba. Ndege nao wameshiba. Nikasikia upondo ukigonga mtumbwi. Komora aliona dungu tupu, akashuka kufukuza ndege mwenyewe, akiuliza Dado yuko wapi. Ametaja jina langu! Nikaruka kusimama. Damu yote miguuni. Giza.

Nilipozinduka, Komora ameshaondoka. Mama yuko chini, anauliza kama shuleni tulifundishwa kulala.

Kosa langu ni kusimama. Kesho sisimami kabisa.

Jumamosi, 9 Mei
Ameondoka alfajiri.

Tuneya anasema jana Komora alikuja hadi chini ya dungu langu kuniaga, akachungulia, akaniona nimelala, akaona vibaya kuniamsha. Eti nalala kama kiboko. Sikuwa usingizini. Nilisikia nyayo, nikadhani ni mama anakuja kunigombeza, nikafumba macho zaidi. Alisimama pale kitambo.

Mtoni hapapiti mtu leo. Nimetazama hata hivyo.

Wanasema atarudi wakati wa mavuno. Nimefikiri sana. Kumbe tatizo ni kusimama pakavu. Nitasimama mtoni, maji yanifike shingoni, yanibane miguu, damu isipate pa kushukia. Nitamwamkia nikiwa humo humo.

Mamba nitawafikiria baadaye.