Mac ya Upinzani

Jumatatu, 12 Julai 2004. Wete.

Siku mbaya. Asubuhi Mzee Himid, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya wakulima wa karafuu, ametangaza kuwa tutapata kompyuta mpya. Makarani tuseme tunataka ya aina gani. Makarani ni wawili. Mimi, Khatib, miaka sita kazini. Na Nusaiba, miezi miwili kazini, na cheti kutoka Unguja.

Nusaiba akasema Windows. Bila hata kufikiri! Ati ofisi zote za Wete hutumia Windows na kila mtu anaijua. Tatizo lenyewe ndilo hilo. Mac tuliyonayo, aliyotuachia mtaalamu wa mradi mmoja wa wafadhili, naijua mimi peke yangu. Ufunguo wa chumba chake umefungwa kiunoni mwangu. Anayetaka barua hunipitia mimi. Hata Mzee Himid hubisha hodi. Ikija Windows nitakuwa karani kama makarani wengine.

Nikasimama. Nikasema huu ni wakati wa vyama vingi. Tufanye mjadala, kisha wajumbe saba wa kamati wapige kura. Mzee akakubali: Jumamosi.

Nimejisifu mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri nikakumbuka kuwa hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kuigusa Mac. Niliwakataza.

Jumanne, 13 Julai

Nimeandika sifa za Mac kwa namba. Herufi zake nzuri. Haina kelele. Kipanya chake kina kitufe kimoja tu, mtu hakosei. Nimefika tisa. Ya kumi nimeandika "na nyenginezo".

Nusaiba ameisoma orodha yote, kwa adabu. Akauliza tutafanyaje na diski zetu, maana hazisomeki kwenye kompyuta za watu wengine. Nikamwambia nao wanunue Mac. Akauliza, ofisi ya wilaya nzima, kaka Khatib? Nzima! Akacheka, akanipa kitumbua. Nimekila. Sikushukuru.

Jumatano, 14 Julai

Kampeni. Nimekwenda Ole kwa baiskeli, kwani wajumbe karibu wote ni wa huko.

Nimeanza na Bi Tatu. Alikuwa akianika karafuu. Nikamwonesha picha ya alama ya Mac, lile tunda. Akalitazama sana. Akauliza nani kaliuma. Nikasema ni alama tu. "Mwanangu, tunda lenye meno ya mtu mie hata bure silichukui." Kura moja imekwenda.

Kisha Hamad. Alikuwa juu ya mkarafuu, anachuma. Hakushuka. Nikampigia kelele sifa zote tisa kutoka chini, mpaka sauti ikakauka. Akauliza neno moja tu: "Serikali wanatumia ipi?"

Mimi ni mkweli. Nikasema Windows.

"Basi mie niko na hiyo nyengine!"

Yarabi! Sifa ya kumi ilikuwa juu ya mkarafuu.

Nikarudi mbio kwa Bi Tatu, nikamweleza. Akageuza karafuu zake kidogo. Akasema huenda tunda lenyewe kaliuma mwenye shamba, na huyo ana haki.

Alhamisi, 15 Julai

Ole yote inachemka! Wajumbe wawili wamefika ofisini. Nusaiba akawakaribisha chai na vitumbua. Wakakunja mikono. "Sisi hatuli vya Windows." Kususia kumeanza, na si mimi niliyewaambia. Nilitaja tu.

Kiongozi lazima awe mfano. Nami nimesusia. Vilikuwa vya nazi, bado vya moto.

Nusaiba ameniuliza amekosa nini. Nikamwambia si ugomvi, ni msimamo. Akasema babu yake aliwekwa ndani kwa sababu ya upinzani, wangu je? Nikajifanya natafuta kalamu. Babu yangu hakuwekwa ndani hata siku moja.

Jumamosi, 17 Julai

Ushindi! Na baadaye jambo jengine.

Nusaiba alizungumza dakika mbili. Mimi arubaini. Kura kwa kopo: karafuu ni Mac, konyo, kile kijiti kinachobaki karafuu ikishachambuliwa, ni Windows. Mzee Himid akamimina mezani. Karafuu sita, konyo moja. Watu wote wakamtazama Mzee Himid. Mzee Himid akatazama dari. Bi Tatu akapiga vigelegele.

Hapo Hamad akasimama. Akauliza ufunguo wa chumba anao nani. Mimi, nikasema. Tangu lini? Miaka sita, nikasema kwa fahari. Kakuchagua nani?

Nikaufunika ufunguo kwa kiganja.

"Yakhe, mtu miaka sita kang'ang'ania ufunguo, hakuchaguliwa, na sote katufungia mlango! Si ndiyo hayo tunayoyapinga?"

Nikasema nina uzoefu. "Na wao husema hivyo hivyo!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikasema chumba kikiachwa wazi patakuwa na vurugu. "Na hilo pia hulisema!"

Bi Tatu akalirudisha kopo. Karafuu ni Khatib, konyo ni Nusaiba. Makonyo saba.

Kamba ya ufunguo ilikuwa na fundo la miaka sita. Wameikata kwa kisu. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikishika suruali.

Jumatatu, 19 Julai

Nusaiba amefungua mlango saa mbili. Saa nne ameshachapa orodha ya wanachama wanaongojea majamvi ya kuanikia. Asubuhi moja! Miaka sita nimewaambia watu kuwa Mac inataka kipaji.

Mlango wazi kabisa. Bi Tatu amekaa kwenye kiti changu anabonyeza kitufe. Anasema ni rahisi kuliko kukuna nazi.

Nusaiba akaniita. "Kaka Khatib, zamu yako saa nane." Zamu! Mimi! Kando ya kipanya aliniwekea kitumbua kwenye kisahani. Sikukigusa. Kususia hakujafutwa.

Nimeyakataa matokeo. Barua ya pingamizi nimeiandika kwa mkono, kwa sababu zinazojulikana. Mzee Himid ameisoma, akauliza napinga nini ilhali niliyeshinda ni mimi. Nimemjibu kuwa ushindi wangu haukuwa huru wala wa haki.

Jumanne, 20 Julai

Nimefikiri kwa utaratibu. Kosa langu silioni. Nilichokosea ni mashine. Windows, ukiitazama kwa insafu, ni mashine ya kiungwana. Na mashine mpya itataka chumba kipya, na chumba kipya kitataka mtu.

Jioni naazima baiskeli, naenda Ole. Nitamwambia Hamad kuwa nimeona kwa macho yangu mawili, Unguja, katika ofisi ya serikali: Mac tatu, zimepangwa mstari, kila moja na tunda lake. Safari hii atashuka mwenyewe.

Kufuli nimeshalinunua.