Historia Rasmi ya Kelele za Kutu

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi bendi yetu ya panki, ile roki ya makelele na fujo, Kelele za Kutu, inarudi jukwaani baada ya miaka ishirini. Nisipoimba safari hii, nitakufa nikiwa muuza mapazia tu. Nimeandika historia yetu rasmi na kuibandika mlangoni pa ukumbi: tulipigwa marufuku mji mzima, watu walizimia. Haya, kusema kweli jirani alilalamika mara moja na Mama akachomoa waya. Mpiga ngoma wetu, siku hizi fundi wa meno, kasema nimetia chumvi mno. Wivu!

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Meneja wa ukumbi kaisoma ile historia. Kaniita ofisini, kasema viti vyake ni vipya na hataki watu wa fujo. Onyesho limefutwa. Nikamwambia hata mimi siamini yote niliyoandika. Hakucheka. Fundi wa meno kaniuliza kama hakunionya.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana! Nimempeleka Mama kwa meneja akashuhudie kwamba tulikuwa watoto wa heshima. Nilimsihi asizidishe. Thubutu! Kasema tulifanyia mazoezi sebuleni kwake, viatu tukiviacha nje. Kasema kipaza sauti kilinipiga shoti nikalia mpaka akanibeba mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa! Meneja kacheka hadi machozi. Onyesho limerudi, kwa sharti moja: Mama ndiye atutambulishe. Ole wangu.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa pomoni. Wote wenzake Mama wa kikundi cha ushonaji! Nyimbo zetu ni za dakika moja moja. Kwa woga tulizipiga mbio zaidi. Tukazimaliza zote sita akina mama wakiwa bado wanatafutiana viti. Mmoja akauliza tutaanza saa ngapi. Mama akashika kipaza sauti kuziba pengo, akasimulia ile ya shoti. Ukumbi ukalipuka! Wakadai arudie. Karudia, na kilio changu kakiigiza. Fundi wa meno alicheka hadi akaanguka na kiti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 9 Juni
Sikupata usingizi, ila kosa nimeliona: historia ile ilikuwa ya upole mno. Nimeandika mpya. Wakubwa walimpandisha mwanamke jukwaani kutunyamazisha, ukumbi ukalipuka, mpiga ngoma akaanguka. Uongo uko wapi hapo? Nimeibandika kwenye ukumbi mkubwa zaidi. Simu inaita: meneja wa huko. Lazima kavutiwa! Mama katoa gauni lake zuri, analipiga pasi. Sijui anakwenda wapi.