Mwani Usio na Mwenyekiti

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Vyama, Msambweni.

Asalaam aleikum. Mimi Abdurahman Mwero, mwenyekiti halali wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani, naleta kwako, kwa unyenyekevu, uasi wa wanawake wawili: Dama, jirani yangu, na Tumu, mke wangu wa ndoa.

1. Tumu amejitangaza mwanaanarki. Hataki mkubwa wa aina yoyote, hata serikali. Ananiambia haya akiwa jikoni kwangu.

2. Dama ni wa ujamaa huria: kamba, vigingi na mwani viwe vya wote, na wanaofanya kazi ndio waamue. Nikafurahi. Nikasema, hawa ni mahasimu, nikiwagonganisha watavunjana. Nikaitisha kikao, nikawataka waeleze tofauti yao mbele ya watu.

Dama akasema, "Ujamaa huria ni nyumba, uanarki ni chumba kimoja ndani yake. Tumu hataki serikali kabisa. Mimi navumilia baraza dogo, mradi tulichague na tuliondoe wenyewe."

Tumu akadakia, "Ugomvi huo ni wetu sisi wa nyumbani. Lakini hakuna hata mmoja wetu anayetaka mtu wa kukaa kivulini akihesabu migongo yetu."

Wakacheka, wakashikana mikono. Kisha kikao, nilichokiitisha mimi, kikafuta cheo changu.

3. Tangu hapo mwani unakauka vizuri kuliko zamani. Huu ni utovu wa adabu.

4. Wageni wakija hakuna wa kuwahutubia. Wanaoneshwa kazi tu, wanaondoka mapema, wameridhika. Aibu gani hii?

Naomba uwaamuru wachague mwenyekiti mara moja. Sitaji jina, ila miwani na koti ninavyo tayari.

Wasalimie wote ofisini, na wa nyumbani kwako pia.

Wako mtiifu,
Abdurahman Mwero
Mwenyekiti

Tanbihi: Nilimpa Tumu barua hii aitume. Akaipeleka kikaoni, ikasomwa kwa sauti. Dama alirekebisha tahajia, akasema kwamba nina haki ya kulalamika kama mwanachama yeyote, na wote wakakubali. Ikram, mwanachama mwenzetu, ndiye aliyejitolea kukuletea barua hii kwa tuktuk. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali usichukue hatua yoyote mpaka kikundi chetu kikutane tena Alhamisi. Nina hoja mbili, na zamu ya kwanza ya kusema nimepewa mimi.