Nyota Haibagui Yai

Profesa, ambaye chuo kikuu alikijua kwa kupita nje ya geti lake, alikiona chumba kitupu kando ya barabara, kuta zimebanduka rangi, akajua riziki imemwita. Kikwazo kilikuwa kodi. Kwa Profesa, kulipa kodi ni tabia mbaya, ukiianza haikuachi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mnene wa mwili, mwembamba wa maneno.

"Mama, mimi msoma nyota. Nikae hapa bure, nikulindie nyumba na nuksi."

"Ushahidi wa nyota uko wapi?"

"Wa kisayansi kabisa. Wataalamu wamechunguza mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga. Huyu kalelewa huku, yule kule. Wakikutana ukubwani, wanacheka namna moja, wanapenda mambo yaleyale. Kwa nini? Walizaliwa saa moja, chini ya nyota moja."

"Si wana damu moja pia? Hao ni wale wa kufanana. Wa mayai mawili je? Saa ileile, lakini mmoja mpole, mwenzake mkorofi."

Swali hilo lingemtoa jasho mtu mwenye aibu. Profesa aibu aliisahau kwao siku aliyohama.

"Nyota haibagui yai, mama."

"Haya, utanisomea. Ila kwanza chumba kipakwe rangi. Nyota zangu haziingii pachafu."

Profesa akavunja kibubu. Akapaka kuta, akatundika pazia, akaleta meza na viti vipya. Mtego mzuri lazima uwe na chambo, alijiambia, huku akipuliza vidole vyenye rangi.

Kesho yake akauliza saa ya kuzaliwa, akafumba macho kama anayeoneshwa mbingu peke yake.

"Una moyo laini, mama. Mtu akikosa pa kulala, unamlaza bure, tena hutaki ahame."

"Na pacha wangu? Ninaye, wa kiume."

"Yake ni hiyohiyo, neno kwa neno."

"Kaka, njoo usikie habari zako."

Aliingia bwana mwenye gwanda na buti, pingu zikining'inia kiunoni.

"Kumbe na mimi nina moyo laini," alisema, akimkagua Profesa taratibu. "Basi twende kazini kwangu, bwana. Vyumba vipo, bure. Na kuhama haturuhusu."

Profesa akakumbuka ghafla kuwa ana mgonjwa hospitali. Alipitia dirishani, na kiatu chake kimoja kikabaki kuilinda nyumba na nuksi.

Mjane alicheka hadi akakalia kiti kipya. Yule bwana, mlinzi wa kiwanda cha mikate, akafungua zile pingu za plastiki alizonunua kwenye duka la vitu vya watoto. Pacha wapi! Hao walikuwa wachumba, na kwa miezi walikuwa wakitafuta namna ya kukitengeneza chumba kile wafungue duka.

"Rangi imekaa vizuri," alisema bwana.

"Imekaa. Ila nilikuwa na pupa, mpenzi," alijibu mjane. "Ningechelewa kidogo kukuita, angepaka na jikoni."