Kipkurui Ashuka Ngazi Mbele ya Mkaratusi

Tegeni masikio, enyi wachuma chai wa vilima vyote, wake kwa waume, mpate habari za vita vya Merigi, mwaka ule wa tisini na saba mvua ilipokataa kwenda kwao.

Alasiri moja upepo ulishuka na jeshi la mvua ya mawe, ukauvunja mkono mkaratusi uliosimama nyuma ya boma la Kipkurui. Tawi nene kama pipa halikuanguka. Lilining'inia kwa ukanda wa gome juu ya zizi, likichagua kichwa cha kuponda.

Kulipokucha akatoka Kipkurui, simba wa boma, mtikisa mikutano ya wakulima, ambaye mara ya mwisho kupanda mti alikuwa hajatahiriwa. Alivaa gambuti, akashika panga, akaegemeza ngazi kwenye shina. Jirani yake Nyang'au alikuwa akichungulia juu ya ua, na shujaa akitazamwa hana ruhusa ya kuogopa.

"Mama Chepkurui," alinena kutoka kipandio cha tatu, "mababu zangu hawakuita fundi. Leo ni mti huu ama ni mimi."

Rodah mkewe alimfungua ng'ombe kwanza, akampeleka mbali, ndipo akajibu.

"Basi ni wewe. Baba Chepkurui, hilo tawi ukiligusa linakuja na wewe na hiyo panga. Ondieki wa pale sokoni ako na kamba. Shuka."

Kipkurui akatafakari kama baraza zima la vita. Upepo ukapita, na huko juu gome likalia. Hapo hekima ya mababu ikamshukia ghafla, naye akashuka pamoja nayo, upesi.

Ondieki, fundi wa kukata miti, alifika saa sita. Aliwaondoa wote hadi barabarani, akafunga jiwe kwenye kamba, akairusha juu ya tawi, kisha yeye na Nyang'au wakavuta wakiwa mbali. Tawi likaja kwa kishindo, likaivunja ngazi vipande viwili pale ilipoachwa.

Kipkurui akavisogelea vile vipande viwili. Rodah akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

Basi wenye kuandika tarehe na waandike: siku hiyo Kipkurui wa Merigi aliteremka vipandio vitatu vizima kwa miguu yake mwenyewe, akala ugali wa mchana akiwa hai. Upande ule wa Bomet, ushindi mkubwa kuliko huo bado haujaripotiwa.