Mfarishi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametangaza mezani: macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo cherehani yake itakwenda kwa atakayemshonea mfarishi mzuri wa viraka kufikia Jumapili. Tupo wawili tu, mimi na wifi. Cherehani ile ya chuma! Naililia tangu nimeolewa. Mimi nina mchoro nilioukata gazetini, una vipimo vyote. Wifi ana gunia la matambara. Nimemhurumia.

Jumatano, 6 Machi
Nimekata vipande siku mbili. Rula, chaki, mkasi. Hakuna kilichopita mstari hata kwa unywele! Nikaenda kwa wifi kuomba chumvi, kisingizio tu. Kamwaga matambara sakafuni, anayazunguka kama anachagua nyanya sokoni. Nikamwuliza mchoro wake uko wapi. Eti hana, kitambaa chenyewe kitasema kinataka kukaa wapi. Makubwa! Haya, wakae wazungumze.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Nimeunganisha vyote, mfarishi umegoma kukua. Sikuacha nafasi ya mshono! Kila mshono umekula kitambaa pande zote mbili, sasa kitu chenyewe kinamfunika mama mkwe goti moja. Mume wangu kaniuliza kama tunatarajia mtoto. Simsemeshi.

Alasiri nikapanda ndoo nje ya dirisha la wifi. Jamani! Viraka vya kila umbo, hakuna kinachofanana na mwenzake, na vyote vinapatana. Ukingo umepinda, na umependeza kwa kupinda. Mkono wa wifi una kipaji, mgalla muue na haki umpe. Nimepata wazo: nitauchora wote ulivyo, nishone hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechora, nimeshona. Kurudi dirishani, kahamisha kiraka cha njano. Nikafumua. Kurudi tena, kakiondoa kabisa! Nikafumua tena. Mara ya tatu ndoo ikateleza, puu! Wifi akatoka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniinua, akanifuta vumbi, akasema ningebisha hodi tu, mlango haujafungwa. Akanionyesha kila kitu: unaweka, unarudi nyuma, unatazama, moyo ukikataa unahamisha. Hana choyo hata chembe. Inaudhi.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaupapasa mfarishi wa wifi kiraka kwa kiraka. Akafika kwenye mistari ya buluu, akaitambua. Shati la marehemu baba mkwe. Akajifunika mpaka kidevuni. Machozi yalinitoka, nikapiga makofi kuliko wote. Cherehani kwa wifi, halali yake kabisa, ingawa roho inaniuma. Wangu, bado wa goti moja, mama mkwe aliugeuzageuza, kisha akautandika juu ya cherehani. Umeenea! Akanishukuru sana kwa kifuniko, akasema mkwe wake nina mawazo mazuri.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeelewa! Siri ni kutopanga. Wifi kasema nitumie cherehani wakati wowote, kwa hiyo kuanzia leo nabahatisha kama yeye. Nimeshachora karatasi nzima. Kiraka cha kwanza nitakibahatisha leo, juu kushoto. Cha pili kesho, baada ya chai. Alhamisi moyo utakataa kile chekundu, nitakihamishia kulia.